Karne Mbili za Picha Inayofifia

Katika jQuery, maktaba ya msimbo ambayo kwa miaka mingi iliendesha sehemu kubwa ya wavuti, amri ya kufifisha kitu kwenye ukurasa isipopewa muda hujipa yenyewe milisekunde 400. Ndani ya muda huo, ambao haufiki hata nusu sekunde, matoleo ya awali ya maktaba hiyo yalijipangia kuamka mara thelathini hivi. Kila mara hesabu ilikuwa ileile: muda gani umepita tangu kuanza, kitu kinapaswa kubaki kimekolea kiasi gani, kisha kivinjari kinapewa namba mpya. Namba ikifika sifuri kitu huondolewa kabisa, na maandishi yaliyokuwa chini yake hupanda kuziba pengo.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa pambo tu. Mimi naliona ni tawi la elimu kongwe, elimu ya kuondoa picha mbele ya macho ya watu na kuweka nyingine bila kuwapoteza njiani. Ni kongwe kuliko kompyuta na sinema, na hata kuliko balbu ya umeme. Tena historia yake haikwenda kwa kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mambo ambayo mafundi wa London waliyajua kwa mikono yao katika miaka ya 1830, waandishi wa programu walikuja kuyatafuta upya kwa taabu, kipande kwa kipande, na kimoja cha vipande hivyo kimeingia kwenye vivinjari juzi tu.

Chombo cha kwanza kilikuwa taa ya picha: kisanduku chenye taa ndani, kipande cha kioo kilichochorwa, na lenzi ya kutupa mchoro huo ukutani. Mwaka 1659 mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alichora mfululizo wa michoro ya mifupa ya binadamu inayojivua fuvu, kwa ajili ya kuonyeshwa kwa chombo cha aina hiyo. Taa ilisambaa Ulaya nzima, lakini ilikuwa na ila moja ambayo hakuna aliyeitatua kwa muda mrefu. Ili kubadili picha ilibidi kipande cha kioo kisukumwe kando, na picha nzima, pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, ikateleza ukutani.

Mteleko huo ulikuwa na nguvu kuliko tunavyodhani leo. Januari 1854, David Livingstone alionyesha picha za taa katika baraza la Shinte, mtawala wa Walunda katika eneo ambalo sasa ni la mpakani mwa Angola na Zambia. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiwa na kisu mkononi, tayari kumchinja Isaka. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, wanawake walitazama kimya kwa kicho. Alipovuta kioo ili aweke kingine, kile kisu kilichoinuliwa kikasogea upande wao. Wakapiga ukelele wa kuwaita mama zao, wakakimbia, na wala hawakurudi.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa kejeli, na kejeli hiyo haina msingi. Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, mjini Paris, watu waliokwenda shule na waliosoma magazeti kila siku walikuwa wakilipa kiingilio ili watishwe kwa taa hiyohiyo. Étienne-Gaspard Robert, mzaliwa wa Liège aliyejiita Robertson, alianza maonyesho yake huko mwaka 1798, na mwaka uliofuata akayahamishia katika jengo lililokuwa makao ya watawa Wakapuchini. Aliificha taa nyuma ya pazia jembamba, akaiweka juu ya magurudumu, na ukumbi akautia giza totoro. Picha ilichomoza ikiwa ndogo, ikakua kadiri taa ilivyorudishwa nyuma, kisha ikamezwa na giza. Ufaransa ilikuwa imetoka tu katika miaka ya kukatwa vichwa hadharani. Kuona uso ukijitokeza gizani na kutoweka halikuwa jambo dogo kwa watu wale. Jicho la binadamu, la Paris au la Ulunda, hushtuka kwa kitu kinachosogea au kuzuka ghafla, na Robertson alilijua hilo vizuri, akaligeuza kuwa biashara.

Waliokuja baada yake walitaka kinyume chake. Walitaka picha ibadilike na mtu asishtuke. Katika London, Henry Langdon Childe ndiye anayetajwa zaidi kwa kukamilisha kile kilichoitwa mandhari yanayoyeyuka, na katika taasisi ya Royal Polytechnic iliyofunguliwa mwaka 1838 maonyesho hayo yalikuwa kivutio kikubwa. Siri yake ilikuwa taa mbili badala ya moja, zote zikielekezwa mahali pamoja. Kwenye taa ya kwanza kuna kinu cha maji wakati wa kiangazi. Kwenye ya pili kuna kinu kilekile, chini ya theluji. Fundi anapunguza mwanga wa taa ya kwanza, kama mtu anavyoshusha utambi wa kandili, na papo hapo anaongeza wa taa ya pili kwa kipimo kilekile. Majani yanageuka meupe, maji yanaganda, na hakuna aliyeona kitu kikiondoka.

Baadaye, mwanga ulipokuwa wa chokaa iliyochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni, kazi hiyo ilifanywa na bomba moja lenye koki: kuizungusha kulinyima gesi taa moja na kuipa nyingine. Hapa ndipo kiini cha mambo yote kilipo. Taa ya kwanza ikibaki na robo tatu ya mwanga, ya pili inapata robo. Zikigawana nusu kwa nusu, ukutani jumla ni ileile. Sehemu za picha zisizobadilika, mlima kwa mfano, au ukuta wa kinu, hazipungui wala haziongezeki mwanga hata kidogo, kwa sababu zinachorwa na taa zote mbili na mwanga hujumlishwa. Kinachobadilika peke yake ndicho kinachoonekana kubadilika. Fundi hakuandika kanuni yoyote ya hisabati. Aliizungusha kwa vidole.

Sinema iliirithi mbinu hiyo mapema. Georges Méliès aliitumia kuunganisha matukio katika filamu yake ya Cinderella ya mwaka 1899, na kamera yake haikuwa na msaada wowote. Mpiga picha alizungusha mkono wa kamera huku akifunga tundu la lenzi taratibu, akihesabu mizunguko. Akaziba lenzi, akarudisha filamu nyuma kwa mizunguko ileile, kisha akaanza kupiga tukio la pili huku akilifungua tundu kwa mwendo ule aliolifungia. Akikosea hesabu, matukio yote mawili yameharibika, maana yako juu ya utepe mmoja. Baadaye mashine za maabara zikaichukua kazi hiyo, televisheni ikaipa swichi ya kusukumwa kwa kidole, na watazamaji wa dunia nzima wakazoea kwamba skrini ikififia kuwa nyeusi, muda umepita.

Kompyuta ilipoanza kuchora picha, kila pikseli ilibeba namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika taasisi ya teknolojia ya New York, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliongeza namba ya nne. Waliiita alfa, na kazi yake ilikuwa kusema pikseli hiyo inafunika kiasi gani kilicho nyuma yake: sifuri haifuniki kitu, moja inafunika kila kitu. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakachapisha kanuni za kuchanganya picha zenye namba hiyo. Kanuni mbili kati ya hizo zinahusu habari yetu. Moja inaweka picha juu ya nyingine, kama karatasi nyembamba juu ya karatasi. Nyingine inajumlisha tu, kwa namna mwanga unavyojumlishwa ukutani. Mwaka 1996 wote wanne walipewa tuzo ya kiufundi na akademia ya filamu ya Marekani. Dunia ya filamu ilikuwa na kila ilichohitaji.

Wavuti haukuwa nacho. Tim Berners-Lee alipoubuni kule CERN, Uswisi, kati ya 1989 na 1991, alikuwa akifikiria nyaraka za wanafizikia. Ukurasa uliwekwa mezani kama barua: umeshaandikwa, haubadiliki mpaka ufungue mwingine. Hata picha zake za aina ya GIF zilijua mambo mawili tu, pikseli ionekane au isionekane. Namba ya nne ya Catmull na Smith haikuwemo.

Waliotaka kufifisha wakaanza na kasoro. Kivinjari cha Netscape 1.1 cha mwaka 1995 kilikuwa na udhaifu: ukiandika lebo ya mwili wa ukurasa mara nyingi badala ya mara moja, kila moja na rangi yake ya usuli, kivinjari kilizitii zote kwa zamu. Watu wakaandika lebo kumi au kumi na tano, kutoka nyeusi kupitia kijivu hadi nyeupe, na ukurasa ukafunguka kama pambazuko. Netscape walipoziba udhaifu huo katika toleo lililofuata, walikuwa wakiondoa, pengine bila kukusudia, ufifishaji wa kwanza wa wavuti.

Toleo hilohilo, hata hivyo, lilileta kitu kikubwa zaidi. Mei 1995 Brendan Eich aliandika kwa siku kumi lugha ambayo mwezi Desemba ilitangazwa kwa jina la JavaScript. Miongoni mwa amri zake ilikuwamo moja nyenyekevu, setTimeout: fanya jambo hili baada ya milisekunde kadhaa. Amri hiyo ndiyo iliyoupa ukurasa saa. Badili rangi ya usuli, subiri kidogo, badili tena. Pambazuko likarudi, safari hii kwa halali.

Mwaka 1997 wapinzani wawili walitoa matoleo yao ya nne, na tofauti kati yao iliwatesa watu kwa miaka. Netscape 4 ilikuwa na tabaka ambazo skripti iliweza kuzisogeza, kuzificha na kuzionyesha, lakini si kuzififisha. Internet Explorer 4 ya Microsoft ilikuwa na vichujio, na kimoja kiliitwa alfa. Hatimaye namba ya nne ilikuwa imefika kwenye wavuti, ila kwa kampuni moja na kwa maandishi yake pekee. Kampuni hiyo iliruhusu hata ukurasa mzima uyeyukie katika unaofuata kwa mstari mmoja uliowekwa kichwani mwa waraka. Wachache walioutumia walikuwa wakifanya kazi ya Childe bila kumfahamu.

Nataka tukae kidogo kwenye skripti ya kufifisha ya mwaka 2004 hivi, kwa sababu inaonyesha jasho la waliotutangulia. Ilikuwa na mistari minne ya kusema jambo moja. Mmoja uliandika kichujio cha alfa kwa Internet Explorer, ambacho kilihesabu kutoka 0 hadi 100. Wa pili ulikuwa wa vivinjari vya zamani vya Mozilla, wa tatu wa Konqueror na Safari za mwanzo, na wa nne ulikuwa sifa rasmi iitwayo opacity, iliyotoka katika rasimu ya viwango vipya vya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa. Hizo tatu zilihesabu kutoka 0 hadi 1. Kisha palikuwa na mstari wa tano, ambao mgeni asingeuelewa: namba ikifika 100, iandike 99.999. Sababu ni kwamba baadhi ya vivinjari vilibadili namna ya kuchora herufi pale kitu kilipokuwa kimekolea kamili, na maandishi yakaruka mbele ya macho ya msomaji mwishoni mwa ukolezaji. Kwa kubakiza ile sehemu ndogo isiyoonekana, herufi zilitulia.

Internet Explorer 7 ilikuwa na gonjwa la kinyume. Kichujio kikibaki kwenye maandishi, kulainishwa kwa kingo za herufi kulizimwa, zikaonekana kama zimetafunwa. Dawa ilikuwa kukivua kichujio kabisa mara ukolezaji ulipokamilika. Aliyegundua hayo aliwaambia wenzake, na wenzake wakayabeba katika msimbo wao kwa miaka, hata baada ya ugonjwa kwisha. Sifa ya opacity haikuingia katika Internet Explorer hadi toleo la 9, mwaka 2011, na ni mwaka huohuo waraka wa viwango ulioieleza ulipopitishwa rasmi.

Hadi hapo kufifisha kulikuwa ufundi unaotafuta kazi. Kazi ilipatikana Februari 2004, kampuni ya 37signals ya Chicago ilipofungua Basecamp, programu ya wavuti ya kusimamia miradi. Mtu alibadili jina la shughuli katika orodha ndefu, akabofya kitufe cha kuhifadhi, ukurasa ukapakiwa upya. Je, limebadilika? Lipo wapi? Wabunifu wa Basecamp waliupaka mstari uliobadilika rangi ya njano, kisha njano ikafifia kuwa nyeupe katika muda wa sekunde moja au mbili. Macho yanaenda pale pale, yanahakikisha, na baada ya hapo hakuna alama inayobaki kuchafua ukurasa.

Ubora wa mbinu hiyo unaeleweka zaidi ukiusoma pamoja na jaribio la mwaka 1997 la Ronald Rensink, Kevin O'Regan na James Clark. Waliwaonyesha watu picha mbili zilizofanana isipokuwa kwa jambo moja, mara nyingi jambo kubwa, wakazibadilisha zamu kwa zamu huku wakiweka skrini tupu ya milisekunde 80 katikati. Watazamaji walihangaika muda mrefu wasione tofauti. Wakiondoa ule utupu, tofauti ilionekana mara moja. Sasa fikiria ukurasa wa wavuti wa zama zile: kila badiliko, hata la neno moja, lilipitia weupe mtupu wakati ukurasa ukipakiwa tena. Kwa miaka kumi tulikuwa tumewafanyia wasomaji jaribio hilo kila walipobofya. Rangi ya njano ya Basecamp iliwarudishia kile ambacho weupe uliwanyang'anya. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ambayo kufifia kwenye wavuti kulipata sababu ya kuwepo.

Mwaka uliofuata mbinu ya kuleta data bila kupakia ukurasa upya ilipewa jina la Ajax, na haja ya kuonyesha kilichobadilika ikawa kubwa maradufu. Sam Stephenson alitoa maktaba ya Prototype; juu yake Thomas Fuchs wa Austria akajenga script.aculo.us, iliyokuwa na amri za kufifisha na kukoleza tayari. Valerio Proietti akatoa moo.fx, iliyosifiwa kwa kuwa na uzito wa kilobaiti tatu tu. Kisha Januari 2006 John Resig akaizindua jQuery mjini New York. Ile mistari mitano ya mateso ikafichwa ndani ya neno moja, fadeOut, na mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za vichujio wala 99.999 aliweza kufifisha chochote.

Maktaba hizo zilileta pia jambo ambalo wachoraji wa katuni walilijua zamani: mwendo usiwe wa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Robert Penner, aliyekuwa akifanya kazi kwa programu ya Flash, alikuwa ameandika mlingano baada ya mlingano wa kuanza polepole, kushika kasi, na kutua taratibu, akaiachia dunia nzima iitumie. jQuery ilichagua nusu ya wimbi la kosini. Vivinjari vyenyewe vilipokuja kuwa na mwendo wao, vilitumia mikunjo ya Pierre Bézier, mhandisi aliyeitumia kuchorea mabodi ya magari ya Renault.

Urahisi ulileta fujo yake. Menyu iliyofifia kwa kupitiwa na kipanya iliweka kila amri kwenye foleni: pitisha kipanya mara tano kwa haraka, na menyu itakolea na kufifia mara tano baada ya wewe kuondoka. Waliosoma maelekezo walitanguliza amri ya stop, wengi hawakusoma. Picha za juu ya ukurasa wa mwanzo zikaanza kupokezana zenyewe kila baada ya sekunde chache, msomaji akiwa katikati ya sentensi. Huo ulikuwa utumiaji mbaya, nasema bila kusita, kwa sababu uligeuza kilichobuniwa kumwongoza msomaji kikawa cha kumkatiza.

Palikuwa pia na tatizo la saa. Skripti iliamka kwa ratiba yake, kila milisekunde 13 kwa jQuery, ilhali skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 na kitu. Hesabu nyingine ilipigwa bure, nyingine ilichelewa. Firefox na Chrome zikaleta karibu na mwaka 2011 amri ya requestAnimationFrame, ambayo skripti huitumia kuomba iamshwe pale skrini inapokaribia kuchorwa. jQuery 1.6 iliipokea kwa furaha, na miezi michache baadaye ikaiondoa katika toleo la 1.6.3. Kilichotokea ni hiki: kichupo kikifichwa, kivinjari hupumzisha uchoraji, lakini saa za kawaida huendelea. Maonyesho ya picha yaliendelea kuagiza ufifishaji kwa saa za kawaida, maagizo yakarundikana, na mtu aliporudi kwenye kichupo alikuta picha zikifumuka mfululizo bila kikomo. Amri hiyo haikurudi hadi jQuery 3.0, mwaka 2016.

Wakati huo hesabu ilikuwa tayari inahama kutoka mikononi mwa skripti. Tangu 2007 wahandisi wa WebKit, injini ya Safari, walikuwa wameanza kuruhusu CSS iseme: sifa hii ikibadilika, ibadilike kwa muda wa nusu sekunde. Mwandishi anataja mwanzo na mwisho, kivinjari kinajaza katikati, na kwa kuwa kufifisha hakubadili umbo wala mahali pa kitu, kazi inaweza kukabidhiwa kichakataji cha michoro. Simu ilinufaika kuliko kompyuta. Skripti ikibaki na kazi moja ya kubandika na kubandua jina la kundi, picha hufifia kwa ulaini hata pale JavaScript imeshughulika na jambo lingine.

Hata hivyo palibaki kasoro ambayo Childe angeiona papo hapo. Weka picha mbili mahali pamoja, fifisha ya kwanza huku ukikoleza ya pili. Katikati ya safari kila moja ina nusu. Lakini kwenye wavuti picha hufunikana kama karatasi, hazijumlishwi kama mwanga: ya juu inafunika nusu, ya chini inafunika nusu ya kilichobaki, na robo moja ya usuli inapenya. Juu ya ukurasa mweupe, picha mbili za mlima uleule zinapauka kwa kitambo halafu zinakolea tena. Mlima haukubadilika, na bado unaonekana kubadilika. Wengi walikwepa kwa kuiacha picha ya chini ikiwa kamili na kufifisha ya juu pekee, na dawa hiyo hufeli picha zikiwa na sehemu zilizo wazi.

Machi 2023 Chrome 111 ilileta mfumo wa kuunganisha hali mbili za ukurasa kwa kuyeyusha moja ndani ya nyingine, na ndani ya kanuni zake za msingi kuna mstari unaoagiza tabaka mbili zichanganywe kwa kujumlisha. Ni ile kanuni ya pili ya Porter na Duff, na ndiyo koki ya gesi ya mafundi wa taa. Robo kwa robo tatu, nusu kwa nusu, jumla ileile. Mlima umetulia. Mwaka huohuo Chrome ilianza kuondoa kero nyingine ya zamani, kwamba CSS haikuweza kukoleza kitu ambacho sekunde iliyopita hakikuwepo kabisa ukurasani. Kero hiyo ndiyo iliyowalazimisha watu wengi kuendelea kushika skripti.

Sisi huku Afrika Mashariki tuliipokea historia hii kwa njia yetu. Kabla ya kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, na TEAMS kufika Mombasa kutoka Fujairah mwaka huohuo, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kuchosha. Na hata baadaye, wengi waliisoma kwa Opera Mini katika simu ndogo. Kivinjari hicho hakikuendesha skripti ndani ya simu: seva za Opera ziliufungua ukurasa, zikaendesha skripti kwa muda mfupi, zikaubana, na kutuma matokeo. Kufifia hakukusafiri. Ukurasa uliokuwa na maandishi yaliyofichwa yakingoja msomaji ashushe skrini ndipo yakolee ulimfikia ukiwa na mapengo, maana seva haikupata kamwe habari kwamba ameshusha. Mtu alilipia megabaiti, akapata weupe.

Kwa hiyo nashikilia kwamba maandishi yawepo na yaonekane tangu ukurasa unapofika, na skripti ndiyo iyafiche endapo imefika na iko tayari kuyarudisha. Jambo hili ni la maana pia kwa wasiotumia macho. Kitu chenye ukolevu wa sifuri bado kipo: programu inayosoma skrini kwa sauti itakisoma, na kidole kikigusa pale kitabofya kiungo kisichoonekana. Ndiyo sababu script.aculo.us na jQuery, baada ya kufifisha, ziliendelea na hatua ya pili ya kukiondoa kitu kabisa. Wanaoandika ufifishaji wao wenyewe leo huisahau hatua hiyo mara kwa mara.

Kuna kundi jingine la wasomaji waliotuonyesha thamani ya kufifia. Septemba 2013 Apple ilitoa iOS 7, ambamo kila programu ilifunguka kwa kuvutwa kuja usoni na kufungwa kwa kurushwa nyuma. Watu wenye matatizo ya viungo vya ndani ya sikio, vinavyolinda msawazo wa mwili, wakalalamika kizunguzungu na kichefuchefu. Mwezi uliofuata toleo la 7.0.3 lilipanua mpangilio wa kupunguza mwendo: aliyeuwasha hakuona tena mvuto wala mrusho, bali skrini moja ilififia ikaiacha nyingine ikolee. Mwaka 2017 Safari 10.1 iliufungulia wavuti mlango huo, na vivinjari vingine vikafuata. Sasa ukurasa unaweza kuuliza kama msomaji ameomba mwendo upunguzwe. Waandishi wanaojali hujibu kwa kufuta mteleko, mzunguko na mvuto, na kwa kawaida kufifia hukuacha mahali pake, kwa muda mfupi, robo ya sekunde hivi.